Tairi Kuingia Kwenye Rimu Si Tairi Kuweza Kubeba Gari

Juma lililopita nimeisikia tena ile kauli kwamba tairi likiingia kwenye rimu basi linafaa, na mara hii nimeona niiandikie kwa urefu, kwa kuwa kuijibu kwa mdomo, mteja mmoja baada ya mwingine, hakujasaidia. Mzee mmoja alileta kwenye karakana yangu hapa Katuba, Lubumbashi, gari lake la mizigo aina ya Transporter ambalo ameligeuza kuwa nyumba ya safari: kitanda, kabati la mbao, jiko la gesi, betri mbili kubwa, na tangi la maji la lita 100 lililofungwa karibu na mlango wa nyuma. Alikuwa amekwisha kununua matairi manne, mipira kama tunavyosema hapa kwetu, na alichotaka kwangu ni kumfungia tu. Nikasoma ubavuni: 205/65 R16 95H. Nikamwambia, “Papa, haya ni ya gari dogo, siwezi kuyafunga hapa.” Akanijibu kwa upole, “Fundi, gari linataka 205/65 R16, na haya ni 205/65 R16. Yanaingia. Ukiona yanalegea, utaongeza upepo.”

Jibu hilo limebeba makosa mawili, na yote mawili yamekwisha kulaza watu njiani kati ya Lubumbashi na Kolwezi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba saizi ndiyo tairi. Saizi inaeleza umbo tu: upana wa milimita 205, urefu wa ubavu ambao ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Haisemi lolote kuhusu uzito. Uzito unasemwa na namba inayofuata, ile ambayo wateja wengi huiruka kana kwamba ni alama ya kiwanda. 95 maana yake ni kilo 690 kwa tairi moja. Tairi la saizi ile ile lililotengenezwa kwa magari ya mizigo huandikwa 205/65 R16 C 107/105: C ndiyo alama ya mizigo, na 107 maana yake ni kilo 975. Ile 105, ambayo ni kilo 925, inahusu ekseli (mhimili wa magurudumu) yenye matairi mawili mawili kila upande. Yaweke chini pamoja, utayaona kama mapacha. Lakini kwenye ekseli moja yanatofautiana kwa kilo 570, na huo ni uzito wa watu wanane wazima pamoja na vifurushi vyao.

Halafu kuna ile herufi ya mwisho, ambayo ndiyo inayonichosha kuliko yote. Mzee yule alikuwa ameambiwa sokoni kwamba H ni tairi lenye nguvu kuliko R au T, na kwa hiyo alilipa zaidi akiamini kwamba amenunua uimara. H ni mwendo: tairi limepimwa hadi kilomita 210 kwa saa, wakati T ni 190 na R ni 170. Hakuna Transporter yenye kitanda na tangi la maji itakayofika 170 katika njia zetu, wala isingefaa ijaribu. Kubadilisha kilo 285 za uwezo wa kila tairi kwa mwendo ambao gari halitaufikia kamwe ni hasara tupu, na muuzaji anayemshauri mteja hivyo, akijua mteja ana gari la mzigo, anafanya jambo baya.

Kosa la pili, lile la kuongeza upepo, lina maelezo marefu zaidi, kwa sababu lina chembe ya ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba tairi halibebi gari kwa mpira wake. Upepo uliomo ndani ndio unaobeba, na mpira kazi yake ni kuuzuia usitoke. Kwa hiyo upepo ukizidi, uwezo huzidi, lakini hadi mahali fulani tu. Tairi la kawaida la gari dogo lenye 95 hufikia kilo zake 690 likiwa na upepo wa bar 2.5, au kilo mbili na nusu kama wanavyosema kwa kwado, yule mziba matairi wa barabarani. Ukilijaza bar 3.5 litasimama wima na kuonekana lina afya, ila hujaliongezea hata kilo moja ya uwezo unaotambuliwa na aliyelitengeneza. Nyuzi za ndani zimebaki zile zile, mkanda wa chuma umebaki ule ule. Umelifanya tu kuwa gumu, likutane na shimo likiwa haliwezi kubonyea.

Na hapa kuna upande wa pili ambao hata baadhi ya mafundi wenzangu hawauzingatii. Tairi la C lenye 107 hufikia kilo zake 975 likiwa na bar 4.75. Mteja akinunua matairi sahihi, akalipa bei kubwa, kisha akaenda kwa kwado akasema “tia kama kawaida”, akatiwa bar 2.5, basi amenunua kilo 975 na anatumia sehemu yake tu. Nimewaona watu wa namna hiyo wakirudi na tairi la C limekufa katika miezi michache, wakisema C ni jina tu. Tairi lile halikuwa na kosa. Upepo hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kipimo ambacho unakiamini, na kiasi chake hutokana na uzito ulioupima pamoja na jedwali la mtengenezaji. Maandishi ya ubavuni ya upepo wa juu kabisa yanaeleza kikomo, hayakuambii kiasi cha kutia. Jambo moja dogo: bar zikipita 4.5, pua ya kutilia upepo iliyo ya mpira haifai tena. Weka ya chuma.

Naomba nieleze jinsi tairi linavyokufa, kwa sababu wengi huamini linakufa kwa jua la mwezi wa kumi. Kila gurudumu linapozunguka, ubavu hubonyea pale chini na kunyooka tena, mara mamia kwa kila kilomita. Kila kubonyea huzaa joto kidogo. Mzigo ukizidi au upepo ukipungua, ubavu hubonyea zaidi, joto huongezeka kuliko linavyoweza kutoka, na gundi inayoshika mikanda ya chuma kwenye mpira huanza kuachia, hasa kwenye kingo. Jua na lami huongeza, lakini hawakuanza wao. Tena halilipuki siku ulipolionea. Laweza kwenda Likasi na kurudi, na tena, likapasuka wiki tatu baadaye gari likiwa na mzigo mdogo, na mwenye gari akaapa kwamba hakuzidisha kitu.

Siku hiyo nilimvulia mzee tairi lake la zamani la nyuma, upande wa kulia, nikamwomba aingize mkono ndani. Mkono ukatoka na unga mweusi, laini kama kahawa iliyosagwa, umejaa kwenye kucha. Ule ni mpira wenyewe, uliosagwa na ubavu uliokuwa ukijikunja kupita kiasi. Nikamwonyesha na mstari unaozunguka ndani, pale ubavu unapokutana na bega, ambapo ngozi ilikuwa imekunjamana na kubadilika rangi. Nje, meno yanayoshika barabara yalikuwa bado marefu kabisa. Hakuna aliyeliona kwa nje kuwa ni tairi la kutupa.

Ndiyo maana sipendi mtu achague matairi ya okazioni, yaani yaliyokwisha kutumika, kwa kutazama meno peke yake. Yasome yote. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 3517 ni juma la 35 la mwaka 2017. Ukiona mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, hilo mara nyingi ni tairi la baridi ya Ulaya, ambalo mpira wake umechanganywa ubaki laini katika hali ya chini ya nyuzi 7. Huku kwetu, lami inapowaka, hulika upesi na kuyumba chini ya gari lenye mzigo wa juu. Kuhusu umri, watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa mwisho na hutaka ukaguzi wa kila mwaka baada ya miaka 5. Mimi huanza kusitasita kwenye 6, na nakiri kwamba sina kipimo cha kulitetea hilo: nimefungua matairi ya miaka 8 yaliyokaa gizani yakiwa mazima, na ya miaka 4 yaliyokuwa yamekwisha. Jicho langu haliingii ndani ya mpira. Kwa gari la kulala, ambalo husimama miezi kadhaa mahali pamoja, likiwa na mzigo wake wote na jua likipiga ubavu mmoja, mashaka yangu huongezeka. Kuna matairi yanayotengenezwa kwa ajili hiyo hasa, yenye herufi CP badala ya C, yanayostahimili kubeba bila kupumzika na kujazwa upepo mwingi zaidi. Hapa nimeyafunga mara chache, na C nzuri iliyopimwa vizuri haijaniaibisha.

Lingine ambalo sijatulia nalo ni mahali pa kuweka matairi mapya ukinunua mawili tu. Vitabu vinasema nyuma, ili mkia wa gari usiteleze kwenye lami yenye mvua, na kwa majira ya mvua nakubali. Lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayokutana na shimo kwanza, yakiwa yamebanwa na breki, na mtu akiniambia anaenda vijijini kiangazi, mkono wangu husita. Kwa gari la kulala suala huamuliwa na uzito: ekseli ya nyuma ndiyo inayoteseka.

Nikamtuma mzee kwenye mizani ya malori, gari likiwa limejaa kama la safari: maji, gesi, mafuta, nguo, na yeye mwenyewe na mama ndani. Nilimwomba wapime kila ekseli peke yake, kwa kuwa jumla ya gari zima haimsaidii mtu kuchagua tairi. Alirudi na karatasi: nyuma, kilo 1,610. Matairi yake mawili ya 95 yanabeba kilo 1,380. Alikuwa amezidisha kilo 230 kabla ya kuweka hata mfuko mmoja wa mahindi. Tangi lenyewe lilikuwa likimdanganya, kwa kuwa lilikaa sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3; kilo 100 za maji zilikuwa zikilemea nyuma kama kilo 120, huku zikiinua mbele kwa 20. Na karatasi haikusema upande. Jiko, gesi na betri zote zilikuwa kulia, upande uleule wa tairi lililotoa unga.

Matairi mawili ya 107 yanabeba 1,950, na nafasi iliyobaki ndiyo inayofunika tofauti ya pande. Nilimwambia wazi kwamba tairi kubwa haliongezi uwezo wa ekseli yenyewe, ambao umeandikwa kwenye kibati cha gari. Akakisoma, akaona bado yumo ndani, kwa kilo chache. Yale manne akayarudisha sokoni kwa hasara ndogo. Tulipokwisha kufunga ya C nikamwomba ainame nami atazame chini ya gari, mahali pa tairi la akiba: 95H, juma la 23 la mwaka 2009. Aliondoka Jumamosi, betri moja imehamia kushoto, akiwa na matairi matano, yote ya C.