Shamba la mahindi si mbuga

Ninafundisha kuchora mimea huku Illinois, Marekani, kwenye masalia ya mbuga, yaani nyanda za nyasi za asili (prairie). Kila darasa jipya, wakiwemo ndugu zetu waliohamia kutoka Kongo na Burundi, hunipokea na maneno yaleyale: "Mwalimu, hapa kuna nyasi tu. Si tukachore mashamba, ndiyo mandhari asilia ya huku?" Nimechoka kuyasikia.

Shamba la mahindi si mandhari asilia. Mbuga ya nyasi ndefu ilikuwepo hapa hadi walowezi walipokuja na plau. Plau ya feleji ya mhunzi John Deere, ya mwaka 1837, ilipita kwa urahisi kwenye udongo huu mzito bila kunatiwa. Huko Iowa, jimbo jirani, imebaki chini ya asilimia 0.1 ya mbuga ya awali. Masalia yako kandokando ya reli na kwenye makaburi ya walowezi, mahali plau haikupita. Makaburi ya Weston, hapa Illinois, ni ekari 5 tu katikati ya mashamba.

Wengine hunitajia Grant Wood, mchoraji aliyesifika kwa mandhari ya mashamba ya Iowa. Haya, tazameni mchoro wake wa 1931, Fall Plowing: mbele kabisa kasimamisha plau! Leo mchoro huo ni mali ya kampuni ya huyohuyo Deere. Wood alichora shamba, na alilichora vizuri sana.

Na hizo "nyasi tu"? Piga magoti uzitazame. Silphium laciniatum, mmea mrefu wa mbuga hii, huelekeza kingo za majani yake kaskazini na kusini. Ukikaa mashariki mwa mmea unaliona jani zima, pana, lenye michano mirefu. Hamia kusini, na mmea uleule unabaki vijistari vyembamba. Anayesema hakuna cha kuchora hajahama alipokaa.

Kisha nenda mpakani, kiraka cha mbuga kilichobaki kinapokutana na shamba. Mara nyingi pana ngazi, kwa sababu udongo wa shamba umemomonyoka na kiraka kimebaki juu. Watafiti waliopima mipaka ya aina hii katika majimbo ya kati ya Marekani walikuta tofauti ya wastani wa zaidi ya sentimita 30. Wanafunzi hupenda kuisawazisha ngazi hiyo ili picha ipendeze, nami huwaambia wafute waanze upya. Hasara yote ya nchi hii inaonekana kwenye mstari huo mmoja, halafu mtu anaunyoosha!

Wengine huniambia: "Mbuga zikiisha zitapandwa upya." Zinapandwa, na wanaopanda nawaheshimu sana. Lakini hata baada ya miongo kadhaa, mbuga ya kupandwa ni nadra kufikia wingi wa spishi wa ile isiyowahi kulimwa.

"Moto unaua mbuga." Moto ukikosekana, vichaka na miti huivamia. Wenyeji wa Amerika waliichoma kwa makusudi vizazi na vizazi, na mchoraji George Catlin alichora mbuga ikiwaka mwaka 1832.

"Siku hizi picha ya angani inatosha." Terry Evans, mpiga picha wa Kansas, anasifika kwa picha zake za angani, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kwa kuinamisha kamera kwenye nyasi zilizo miguuni pake. Anzeni hapo nanyi. Njooni Agosti, maua yakiwa tele, na chagueni eneo dogo la kuenea mkeka mmoja. Na msichume hata ua moja la kwenda kumalizia mchoro nyumbani. Kwenye masalia haya yaliyohifadhiwa ni marufuku.