Kithembe cha utotoni hupimwa hata ukubwani

Wapo wanaoamini kwamba mtu mzima mwenye kithembe tangu utotoni amekwisha kuchelewa, au kwamba tiba yake ni kukatwa utando ulio chini ya ulimi. Imani hizo zimewanyamazisha watu wengi bure, nami huumia nikizisikia. Mtaalamu wa tiba ya usemi humpima mtu wa umri wowote: huuliza historia yake, huhakikisha anasikia vizuri, hukagua meno, kaakaa na mwendo wa ulimi, kisha husikiliza sauti kama "s" ikiwa peke yake, ndani ya neno na katika mazungumzo, akitazama kama mhusika huirekebisha anapoonyeshwa mahali pa kuweka ncha ya ulimi. Mara nyingi haionekani kasoro yoyote ya kimwili. Ulimi umezoea tu kuitamka sauti hiyo kwa namna isiyo sahihi, na mazoezi yanaweza kuubadilisha.

Lugha ya kwanza nayo huzingatiwa, kwa kuwa anayechanganya "r" na "l" kwa sababu lugha ya kwao haizitofautishi hana ugonjwa, na kumwita mgonjwa ni kumdhulumu. Matamshi yaliyovurugika ghafla ukubwani ni suala jingine kabisa: huenda ni kiharusi, na mhusika apelekwe hospitali mara moja.