Kocha John Calipari: yanayosemwa na yaliyotokea

Machi 17, 2022, Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alimaliza mchezo akiwa na pointi 30 na ribaundi 16 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka), na bado timu yake ikatolewa. Kentucky, chuo chenye mataji 8 ya taifa ya mpira wa kikapu, kilifungwa 85–79 katika muda wa nyongeza na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Sisi tuliokuwa tunamfuatilia Oscar, kwa sababu anatoka mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani, tulijikuta usiku ule tunabishana juu ya mtu mwingine kabisa: kocha wake, John Calipari.

Nimeshiriki ubishi huo mara nyingi, na kinachonikera ni kwamba pande zote mbili hurusha maneno yale yale yaliyozoeleka, mengine nusu kweli, mengine si kweli hata kidogo. Mtu aliyefundisha zaidi ya miaka 30 na kuingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu mwaka 2015 anastahili kuhukumiwa kwa yaliyotokea.

Dhana: "Kwa wachezaji wale, hata mimi ningeshinda"

Hii ndiyo ya kwanza kusikika kila mahali. Wanaoisema wanamjua Calipari wa Kentucky tu, aliyekuwa akipata vijana bora wa Marekani kila mwaka. Hawamjui yule wa 1988, aliyepewa timu ya chuo cha Massachusetts ikiwa imezoea kufungwa, msimu baada ya msimu. Hakuna nyota aliyekuwa anapigania kwenda kucheza pale. Miaka minane baadaye timu hiyo ilimaliza msimu na ushindi 35 na vipigo 2, ikafika nusu fainali ya taifa. Aliyewatoa ni Kentucky, 81–74.

Memphis nako, alikoanza mwaka 2000, aliijenga timu hadi fainali ya 2008. Huko alifanya jambo ambalo wanaomwita mkusanya-wachezaji hulisahau: alichukua mfumo wa kushambulia uliobuniwa na Vance Walberg, kocha ambaye watu wengi hawakumfahamu, akautumia kwenye jukwaa kubwa. Kwa ufupi, wachezaji wanne wanatanuka nje ili katikati pawe wazi, mwenye mpira anapenya hadi kwenye kikapu, na ulinzi ukimkimbilia anautoa kwa mwenzake wa pembeni. Siku hizi timu nyingi hucheza kwa nafasi namna hiyo. Wakati ule kocha wa chuo aliyekubali kubadili mchezo wake wote, akiwa na zaidi ya miaka 40, alikuwa amejitosa.

Na Kentucky yenyewe haikuwa inang'aa alipofika. Msimu wa 2008–09, kabla hajaingia, ilikosa hata nafasi kwenye mashindano ya taifa. Tangu taji la 1998 ilikuwa haijafika nusu fainali. Yeye aliifikisha mara nne ndani ya misimu sita ya kwanza: 2011, 2012, 2014 na 2015.

Dhana: "Ni mdanganyifu, ndiyo maana ushindi wake ulifutwa"

Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Hapa lipo, ila si kama linavyosimuliwa.

Ushindi 42 wa Calipari umefutwa rasmi na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Minne ni ya Massachusetts katika mashindano ya 1996, kwa sababu nyota wake, Marcus Camby, alikuwa amepokea fedha na zawadi kutoka kwa mawakala akiwa bado mwanafunzi. Ushindi 38 ni msimu wote wa Memphis wa 2007–08, na sababu ni mtihani wa kujiunga na chuo wa Derrick Rose. Ilidaiwa kwamba mtu mwingine aliufanya kwa niaba yake. Kituo cha NCAA kinachohakiki sifa za wachezaji kilikuwa kimempitisha Rose acheze. Wenye mtihani walifuta alama zake Mei 2008, msimu ukiwa umekwisha, na mwaka uliofuata NCAA ikaamua kwamba hakustahili kucheza tangu mwanzo. Kwa sheria yao, chuo kujua au kutojua hakukubadili kitu.

Katika kesi zote mbili NCAA haikumkuta Calipari binafsi na kosa. Huo ni ukweli, na anayemwita mdanganyifu aliyethibitishwa anasema jambo ambalo halimo katika uamuzi wowote.

Lakini siwezi kuishia hapo kama wafanyavyo watetezi wake. Ni vyuo viwili tofauti, nyota wawili tofauti, na mara zote mbili adhabu ilishuka kocha akiwa ameshahamia kazi kubwa zaidi: mara ya kwanza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mara ya pili Kentucky. Waliobaki kuishusha bendera ya nusu fainali ukumbini ni wengine. Kocha mkuu ndiye anayemleta mchezaji chuoni, ndiye anayekaa sebuleni kwa wazazi wake, na kuuliza maswali magumu ni sehemu ya kazi hiyo. Naamini Calipari hakuuliza ya kutosha. Kutouliza si sawa na kudanganya, na kila kosa lipimwe kwa jina lake.

Dhana: "Yeye ndiye aliyeleta mtindo wa kucheza mwaka mmoja na kuondoka"

Sheria hiyo ni ya NBA. Makubaliano ya 2005 kati ya ligi na chama cha wachezaji yalisema kwamba, kuanzia drafti ya 2006 (zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya), mchezaji lazima awe na miaka 19 na awe amepitisha mwaka mmoja tangu wenzake wa darasani wahitimu sekondari. Kabla ya hapo Kevin Garnett, Kobe Bryant na LeBron James walitoka sekondari moja kwa moja. Vyuo havikuulizwa. Calipari mwenyewe amesema mara nyingi kwamba haipendi.

Alichofanya ni kuikubali hadharani wakati makocha wengine wakiwa bado wanaona haya. Aliwaambia wazazi waziwazi: mwanao akiwa tayari baada ya miezi minane, sitamshika mguu. Duke, waliokuwa wakitajwa kama mfano wa kulea wachezaji kwa miaka minne, walitwaa taji la 2015 wakiwa na Jahlil Okafor, Tyus Jones na Justise Winslow, wote wa mwaka wa kwanza, na wote wakaondoka baada ya hapo. Sikumbuki kama walisemwa kama alivyosemwa Calipari.

Tena si kila mchezaji wake aliondoka mbio. Katika timu ya ubingwa ya 2012 alikuwemo Darius Miller wa mwaka wa nne. Na Oscar, baada ya wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 na baada ya kuzoa tuzo za mchezaji bora wa vyuo wa 2022, alirudi msimu mwingine.

Dhana: "Taji moja kwa vipaji vyote vile ni aibu"

Hapa ndipo ubishi unaponoga, na ndipo mimi mwenyewe nilipobadili msimamo kwa miaka kadhaa.

Mashindano ya taifa yana timu 68, na anayepoteza mchezo mmoja anakwenda nyumbani. Hakuna mechi ya marudiano kama katika NBA, ambako mkubwa ana nafasi ya kujirekebisha. Bingwa lazima ashinde sita mfululizo. Dean Smith alifundisha North Carolina misimu 36, akafika nusu fainali mara 11, akatwaa mataji mawili. Jim Boeheim alikaa Syracuse tangu 1976 hadi 2023 na ana taji moja. Hakuna anayewaita aibu.

Hata hivyo michezo miwili ya Calipari hainitoki akilini, na sidhani inamtoka yeye.

Wa kwanza ni fainali ya 2008 mjini San Antonio. Memphis walikuwa mbele ya Kansas kwa pointi 9 zikiwa zimebaki dakika mbili na kidogo. Msimu mzima walikuwa wakikosa mitupo huru, ile ya bure baada ya faulo, na kocha alikuwa akijibu kwamba siku ya siku wataitia. Siku ya siku ikafika. Katika dakika ya mwisho na ushee walikosa mitupo minne kati ya mitano. Wakiwa mbele kwa pointi 3, walitakiwa kumchezea faulo Kansas kabla hajarusha, ili apate mitupo miwili tu. Faulo haikuja. Mario Chalmers akarusha ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 2.1, ikaingia, na katika muda wa nyongeza Kansas wakashinda 75–68.

Wa pili ni nusu fainali ya 2015 dhidi ya Wisconsin. Kentucky waliingia wakiwa wameshinda 38 bila kupoteza hata mmoja. Karl-Anthony Towns alikuwa hazuiliki karibu na kikapu. Wakaongoza kipindi cha pili, kisha wakaanza kuchezea saa: mpira ukawa unazungushwa nje hadi sekunde 35 za kushambulia zinaisha, shambulizi moja, la pili, la tatu, bila hata kurusha. Wisconsin wakashinda 71–64. Hilo naliweka mabegani mwa kocha bila kusita. Timu iliyowazidi wote kwa vipaji iliambiwa ipunguze mwendo.

Kwa hiyo taji moja si aibu. Ila yangeweza kuwa matatu, na mawili yaliyopotea yalipotea kwa mambo ambayo kocha ana mkono nayo. Haya mawili yanakaa pamoja, na sioni kwa nini watu wanalazimisha kuchagua moja.

Na wakati tunahesabu yaliyopotea, taji la 2012 lisipite kimyakimya. Anthony Davis alitia mtupo mmoja kati ya kumi katika fainali, akamaliza na pointi 6 tu, na bado akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ile kwa sababu alichukua ribaundi 16 na kuzuia mitupo 6. Kijana wa miaka 19 anayejua atakuwa chaguo la kwanza la NBA, na anakubali kushinda kwa kazi chafu: hilo halitokei lenyewe. Kuna mtu alimfundisha.

Dhana: "Angalia wachezaji wake NBA, basi hakuna kocha kama yeye"

Hii ni ya wapenzi wake, na ina kasoro vilevile. Ni kweli John Wall, Davis na Towns walichaguliwa wa kwanza katika drafti wakitokea Kentucky, na Rose akitokea Memphis. Lakini hao walijulikana tangu sekondari. Mfano bora ni Shai Gilgeous-Alexander, aliyefika bila kelele, akaanza msimu wa 2017–18 akitokea benchi, na mwaka 2025 akawa mchezaji bora wa NBA na bingwa na Oklahoma City. Huyo alikua kweli mikononi mwa Calipari. Kwa upande mwingine, Devin Booker alitokea benchi msimu wote wa 2014–15, kisha akawa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa kizazi chake. Ukimpa kocha sifa ya Shai, muulize pia juu ya Booker na ile nusu fainali ya Wisconsin.

Dhana: "Alizeeka, akasahau kufundisha"

Kentucky alishinda michezo 410 na kupoteza 123. Lakini baada ya kufika nane bora mwaka 2019, hadi anaondoka, alishinda mchezo mmoja tu wa mashindano ya taifa, dhidi ya Providence mwaka 2023, Oscar alipochukua ribaundi 25. Msimu wa 2020–21 ulikuwa wa ushindi 9 na vipigo 16. Machi 2024 Oakland walimtoa 80–76, Jack Gohlke akitia mitupo 10 ya pointi tatu.

Mtazame Gohlke vizuri, maana jibu limo humo. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kucheza miaka kadhaa chuo cha daraja la pili, akahamia Oakland kumalizia. Sheria za uhamisho zilikuwa zimelegezwa, na janga la korona liliwapa wachezaji mwaka wa ziada. Ghafla vyuo vidogo vikawa na wanaume wa miaka 23 na 24 waliokomaa. Calipari aliendelea kuwapanga vijana wa miaka 18 na 19 mbele yao. Aliyebadili mchezo wake wote kule Memphis hakubadili njia yake ya kusajili dunia ilipogeuka. Sioni kusahau kufundisha hapo. Naona mtu aliyeiamini njia yake kupita muda wake.

Dhana: "Kentucky walimfukuza"

Hawakumfukuza. Kumwachisha kazi kungewagharimu zaidi ya dola milioni 33, na siku chache baada ya kipigo cha Oakland ilikwishatangazwa kwamba anabaki. Aprili 2024 aliondoka mwenyewe kwenda Arkansas. Nafasi yake akapewa Mark Pope, aliyekuwa mchezaji wa Kentucky katika ubingwa wa 1996.

Februari 1, 2025 alirudi Rupp Arena, ukumbi wa Kentucky, na timu yake mpya. Ukumbi ulimzomea, kisha Arkansas wakashinda 89–79. Mwezi uliofuata aliwatoa Kansas, halafu St. John's ya kocha Rick Pitino, akiingia kumi na sita bora. Huko aliongoza Texas Tech kwa pointi 16 kipindi cha pili, akapoteza 85–83 katika muda wa nyongeza. Kentucky ya Pope nayo ilifika kumi na sita bora mwaka huohuo, ikatolewa na Tennessee.