Greini 150 au 180? Kwa wenye vibali vya kuwinda Tanga

Msimu ukikaribia swali linalokuja sana hapa ofisini ni lile lile, afande nichukue boksi la greini 150 au 180?

Greini iliyoandikwa kwenye boksi ni uzito wa kichwa cha risasi peke yake, kile kinachoruka, ganda na baruti havimo. 150 ni kama gramu 9.7 na 180 ni gramu 11.7, gramu mbili tu lakini watu wanabishana kijiweni mpaka usiku.

Tuchukue bunduki ya .30-06, hicho ni kipimo cha risasi inayotumia. Ile 150 inatoka kwenye mtutu kwa karibu mita 890 kwa sekunde, 180 kama 820 hivi, kwa hiyo nyepesi inakwenda imenyooka zaidi na hapo ndo wengi wanasema basi nyepesi bora. Ngoja kwanza. Ukiseti bunduki ipige katikati kwa mita 200, ikifika 300 ile nzito itakuwa imeshuka kuizidi nyepesi kwa sentimita chache tu, na nyie wa vichaka vya Handeni na Kilindi hizo mita 300 mnazipata wapi? Mnyama unamuona yuko mita 80, akigeuka kashapotea.

Kwa umbali huo cha kuangalia ni kupenya. Vichwa viwili vya unene mmoja, kile kizito ni kirefu zaidi, kina uzito mwingi unaosukuma tundu lile lile, kwa hiyo kikiwa kimetengenezwa sawa na mwenzake kinakwenda ndani zaidi. Swala pala au ngiri 150 inamtosha kabisa. Pofu dume anaweza kupita kilo 600, ukimpiga begani na nyepesi laini ikapasukia kwenye mfupa utafuata damu mpaka jua lizame, huyo mpe 180 na iwe imara. Nyati simzungumzii, huyo anataka risasi nene zaidi, kipimo cha .375 kwenda juu.

Eti nzito inapita kwenye matawi bila kuyumba? Hamna kitu, zote zinapinda, subiri mnyama atoke peupe.

Halafu teke. Nzito inasukuma bega zaidi, na mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua hata umpe risasi gani atajeruhi tu.

Kubwa kuliko yote ni hii, ukibadilisha uzito bunduki inabadilisha pa kupiga, hata mita 100 risasi inaweza kuhama sentimita kadhaa, juu, chini au pembeni. Kwa hiyo boksi jipya nenda nalo kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, weka karatasi mita 100, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga tatu taratibu mtutu upoe. Zikikusanyika pamoja ila pembeni, rekebisha skopu, ile darubini ya kulengea, zikitawanyika badilisha boksi maana kuna bunduki zinachagua, yako inaweza ikakataa 150 na kuipenda 180 na hakuna wa kuigombeza.