Dhahabu ya Kaisari Kifuani mwa Mwingereza

Mwaka 2021 ilitangazwa hazina iliyopatikana shambani huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza: sarafu 131 za dhahabu. Nyingi zilikuwa za Wafaranki, waliotawala Ufaransa ya leo. Tisa zilikuwa solido, yaani sarafu za dhahabu za Milki ya Bizanti, iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, Istanbul ya sasa. Zilifukiwa ardhini karibu na mwaka 600.

Wengi hudhani mfanyabiashara wa Bizanti alizileta mwenyewe. Haikulazimu iwe hivyo. Kaisari Maurice wa Bizanti (582–602) aliwalipa Wafaranki solido 50,000 ili wawapige Walombardi huko Italia. Dhahabu ya namna hiyo ikishaingia kwa Wafaranki, ilivuka bahari kwa biashara, kwa zawadi za wakubwa, na pengine kwa ndoa kama ya Bertha, binti wa mfalme wa Wafaranki aliyeolewa na Æthelberht wa Kent, ufalme wa kusini-mashariki mwa Uingereza.

Upande wa pili haikukuta soko la sarafu. Tangu utawala wa Warumi ukome mwanzoni mwa karne ya 5, Uingereza ilikaa takriban miaka 200 bila kufua sarafu zake. Solido ilithaminiwa kwa uzito, gramu 4.5 hivi za dhahabu karibu safi, na kwa heshima iliyoibeba. Sonara aliweza kuiyeyusha, au kuifanya pambo.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni msalaba wa Wilton, pia wa Norfolk, uliohifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London. Katikati yake imepachikwa solido ya Heraclius, kaisari wa Bizanti aliyetawala 610 hadi 641, na pembeni vimejazwa vito vyekundu vya ganeti. Sonara aliificha sura ya kaisari nyuma, akauweka mbele upande wenye msalaba juu ya ngazi. Tena aliupachika kichwa chini. Mtazamaji angeuona umepinduka, bali aliyeuvaa, akiinamisha macho kifuani, aliuona umesimama sawasawa. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa imani ya mtu binafsi, katika miongo ambayo Ukristo ulikuwa bado mgeni kwa Waanglo-Saksoni, Waingereza wa wakati huo.

Kwa hiyo sisi tunaochunguza sarafu za kale tunasisitiza mahali sarafu ilipopatikana: kaburini, shambani au ndani ya pambo. Uingereza, anayepata hazina hutakiwa kisheria kutoa taarifa ndani ya siku 14. Ikishauzwa kimyakimya, uzito wake hubaki, lakini hatuwezi tena kujua aliyeimiliki aliitumiaje.