Ukikataliwa na matatu, andika namba ya gari

Mimi ni wakili hapa Kisumu na malalamishi yanayonifikia sana kutoka kwa watu wenye ulemavu ni ya usafiri. Mtu ako steji Kondele na wilchea yake, makanga anamwangalia tu halafu anagonga bodi dere anatoa gari, ama anamwambia alipie viti viwili juu wilchea itakula nafasi ya abiria. Hiyo ya viti viwili inaniuma sana, ni kama kumtoza mtu nauli ya miguu yake.

Na sheria iko. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, na cha 27 kinakataza ubaguzi hata wa mtu binafsi, kwa hivyo sako, yaani chama cha wenye matatu, isituambie eti yenyewe si serikali. Ile sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilitaka magari ya abiria yarekebishwe, sasa tuko na mpya ya 2025, na mlango wa matatu bado ni ule ule mwembamba.

Kinachotuangusha kortini ni ushahidi. Marekani, sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 inalazimisha mji wenye mabasi uweke pia magari maalum ya kubeba asiyeweza kupanda basi, na gari hiyo unaibook mapema, so ukinyimwa rekodi inabaki ofisini. Abiria wa Rochester, New York, walishtaki juu ya kunyimwa safari na 2003 korti ya rufaa ikasema shirika la usafiri lazima lipange kutosheleza maombi yote ya safari za kesho yake. Hapa kwetu gari ikishaondoka hakuna mahali imeandikwa.

Basi andika wewe. Namba ya plate, jina la sako, saa, maneno ya makanga vile alivyoyatamka, na simu ya aliyeona, hata mama wa ndizi pale steji anatosha. Ukilazimishwa kulipia viti viwili lipa na M-Pesa, ile meseji usiifute.

Kifungu cha 22 cha Katiba kinataka korti ipokee hata karatasi isiyo rasmi, na kufungua kesi ya kudai haki zako za Katiba hulipi kitu, tena mmoja anaweza kushtaki kwa niaba ya kundi. Kesi ya mtu mmoja mara nyingi huishia kwa fidia kidogo. Lakini watu wa ruti moja wakija pamoja na daftari zao naweza kumuomba jaji aamuru sako na NTSA, ile mamlaka ya serikali ya usafiri wa barabarani, warekebishe magari kwa muda fulani, na warudi mbele yake kueleza wamefika wapi.