Ada ya jukwaa ni nini, na nani huilipa?

Kila aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya mchango hapa Uganda, iwe ya msiba, ya matibabu au ya karo, ameshawahi kuandika ujumbe huu mfupi kwa ndugu na jamaa: “Tafadhali tuma pamoja na ya kutolea.” Hakuna anayeuliza maana yake. Pesa ikitumwa kwa simu haimfikii mlengwa yote, kwa kuwa siku ya kuitoa kampuni ya simu hukata chake na serikali hukata chake, na kwa hiyo mchangiaji muungwana huongeza shilingi kidogo juu ya ahadi yake ili kile alichokitamka mbele ya watu kiwe ndicho kitakachoshikwa mkononi.

Ada ya jukwaa ni ndugu wa hiyo “ya kutolea”, ila yenyewe imezaliwa kwenye intaneti. Ni sehemu ya mchango, au malipo yanayoongezwa juu ya mchango, ambayo mwenye tovuti ya kuchangishia (hiyo tovuti ndiyo jukwaa) hujichukulia kwa kazi ya kuweka ukurasa wa mwombaji, kupokea fedha, kuchunguza kama mwombaji ni mkweli na kuzifikisha fedha anakotaka. Ubishi kama ada hiyo ni halali au ni kumnyang'anya mgonjwa haujatulia mpaka leo, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ubishi huo hutokana na kuyachanganya mambo matatu ambayo yanafanana tu kwa kuwa yote hupunguza fedha.

Ada ya jukwaa yenyewe, kwa kawaida asilimia fulani ya kila mchango, huenda kwa mwenye tovuti. Ada ya muamala haiendi kwake: hiyo ni ya benki iliyotoa kadi, ya mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na ya kampuni inayosukuma malipo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hukatwa hata kama mwenye tovuti hachukui senti. Kisha ipo bahashishi, yaani kiasi ambacho mchangiaji huombwa kukiongeza kwa hiari ili kuitunza tovuti. Mtu anayesema “tovuti ile ni ya bure” huwa anazungumzia jambo la kwanza tu na kuyasahau mawili yaliyobaki.

Historia ya miaka ya karibuni inaonyesha jinsi jambo moja linavyoweza kugeuzwa kuwa jingine. GoFundMe, iliyoanzishwa California mwaka 2010, kwa miaka kadhaa ilichukua 5% ya kila mchango mbali na ada ya muamala, na Novemba 2017 ikaifuta asilimia hiyo kwa michango ya watu binafsi nchini Marekani, ikabakiza ada ya muamala na bahashishi. JustGiving ya Uingereza, ambayo nayo ilitoza 5% na ikalaumiwa sana kwa kujipatia mapato kutokana na huruma ya watu baada ya maafa ya mwaka 2017 nchini humo, ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2019. Jukwaa jingine la Uingereza, Virgin Money Giving, ambalo liliendeshwa bila kutafuta faida na kutoza 2% tu, lilifungwa Novemba 2021. Kwa hiyo mfumo unaotawala sasa si wa ada bali ni wa bahashishi.

Je, bahashishi ni hiari kweli? Mchangiaji anapofika kwenye hatua ya kulipa hukuta kiasi cha bahashishi kimeshapangwa, mara nyingi zaidi ya 10% ya mchango wake, na asipotaka kulipa ni juu yake kukitafuta kitufe na kukirudisha kwenye sifuri. Mwenye macho makali na simu nzuri atafanya hivyo. Mama mzee anayemchangia mjukuu wake kwa simu ya kuazima hatafanya, na atalipa zaidi ya ile 5% iliyopigiwa kelele. Mimi naiona ada iliyotangazwa waziwazi kuwa na uaminifu zaidi kuliko hiari iliyokwisha kujazwa kwa niaba yangu, ingawa najua wapo watakaosema kwamba bahashishi angalau haimgusi mgonjwa, kwa sababu hulipwa juu ya mchango na si kutoka ndani yake. Hoja hiyo ina uzito kwenye karatasi. Mfukoni ni vingine, kwa maana mtu aliyejipangia kutoa dola 50 kwa jumla atapunguza mchango ili bahashishi ienee.

Wakati watu wanabishana juu ya asilimia, kinachomuumiza mtoaji mdogo ni kile kiasi kisichobadilika kinachoambatana na ada ya muamala. Kwa GoFundMe nchini Marekani ada hiyo ni 2.9% ya mchango pamoja na senti 30. Anayetoa dola 100 hukatwa dola 3.20, yaani 3.2%, na hakuna atakayelalamika. Anayetoa dola 5 hukatwa senti 44 na nusu, ambazo ni karibu 9%. Anayetoa dola 1 hukatwa karibu senti 33, theluthi nzima ya sadaka yake. Watu kumi wakitoa dola 5 kila mmoja, makato yao yote hufika dola 4.45, ilhali mtu mmoja akitoa hizo dola 50 peke yake makato ni dola 1.75. Sisi tulifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini kwenye mfumo wa kadi kila haba inalipiwa mlangoni, na ndiyo maana ukoo ulioko ughaibuni ukikusanya kwanza mkononi mwa mmoja wao kisha ukatuma kwa mkupuo hufikisha zaidi kuliko kila mtu akibonyeza kwa wakati wake.

Turudi kwenye swali la haki, kwa kuwa hapo ndipo hasira ilipo. Katika Buganda mtu akifiwa watu huleta mabugo, jina ambalo asili yake ni nguo za magome ya mti zilizoletwa kumzika maiti na ambalo siku hizi humaanisha fedha za rambirambi. Huko Kigezi na Ankole zipo jumuiya za engozi, zilizopewa jina la machela ambayo majirani walimbebea mgonjwa mabegani kumpeleka hospitalini. Katika desturi hizo hakuna anayelipwa kwa kukusanya, na mweka hazina atakayejikatia 5% ya mabugo hatahudhuria msiba mwingine kijijini hapo akiwa na heshima yake. Mtu aliyelelewa hivyo akikuta tovuti inajichukulia fungu kwenye fedha ya upasuaji wa mtoto, hushtuka, na ana haki ya kushtuka.

Hata hivyo, mweka hazina wa kijiji hafanyi kazi isiyo na gharama, isipokuwa gharama yake haiandikwi. Muda wa maongezi ni wake, nauli ya bodaboda kwenda benki ni yake, na zaidi ya hayo yeye hupata bure kitu ambacho jukwaa hukinunua kwa bei kubwa, nacho ni kumjua mtu. Jirani hahitaji kuuliza kama mgonjwa yupo kweli, maana amemwona akipakiwa kwenye gari. Jukwaa lililoko Marekani halimjui yeyote, na kwa hiyo huajiri watu na kununua mitambo ya kukagua vitambulisho, kuwanasa walaghai wanaotumia picha za watoto wa wengine, kujibu malalamiko, na kuzirudisha fedha pale mwenye kadi iliyoibwa anapodai haki yake. Uaminifu ambao kijijini ni hewa, mtandaoni ni bidhaa. Na Waislamu miongoni mwetu wanajua kwamba jambo hili halikuanza na intaneti: aya ya 60 ya Sura ya Tauba, inapotaja makundi manane yanayostahiki zaka, inawataja pia wanaozishughulikia. Kazi ya kukusanya ina ujira wake. Linalobishaniwa ni kiasi gani, na kama mtoaji ameambiwa.

Uganda ina nafasi yake katika habari hii, tena tangu mwanzo. Kiva, jukwaa la mikopo midogo, lilianza mwaka 2005 kwa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo 7 wa Tororo, na tangu hapo limejivunia kwamba dola anayoitoa mkopeshaji hupelekwa nzima bila kukatwa. Jambo hilo ni kweli, na bahashishi ndiyo iliyokuwa ikiombwa kwa wakopeshaji. Lakini mkopaji wa Tororo au Mbale hapokei fedha kutoka Kiva moja kwa moja. Huipokea kwa taasisi ya mikopo ya hapa nchini, ambayo humtoza riba ili ilipe mishahara na mafuta ya pikipiki, na katika miaka ya karibuni Kiva yenyewe imekuwa ikizitoza ada taasisi washirika. Ada ambayo mtoaji haioni, basi, haijatoweka. Imeteremka ngazi na kumngojea mpokeaji.

Ndivyo ilivyo pia kwa mchango wa matibabu. Kwa miaka mingi majukwaa makubwa ya nje yamemtaka mchangishaji awe na akaunti ya benki katika nchi chache walizozichagua, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika Kaskazini, na Uganda haimo. Familia yenye mgonjwa katika hospitali ya Mulago humtafuta binti au mpwa aliyeko London afungue ukurasa kwa jina lake. Fedha huingia kwake zikiwa zimekatwa ada ya muamala, hutumwa huku kwa kampuni ya kuhamisha fedha inayojipatia chake kwenye kiwango cha kubadilisha pauni kuwa shilingi, huingia kwenye simu, na hutolewa kwa wakala kwa makato mengine. Juu yake kuna kodi: Julai 2018 serikali ilianza kutoza 1% kwa kuweka, kutuma na kutoa pesa za simu, na baada ya watu kuandamana na kulalamika ikapunguzwa mwaka huohuo kuwa 0.5% kwa kutoa peke yake. Mfuko wa shilingi milioni moja ukitolewa huiachia serikali shilingi 5,000, na kodi hiyo haiulizi kama fedha ni ya dawa au ya mtaji wa duka.

Ukiitazama njia hiyo yote, ada ya jukwaa ni kituo kimoja tu kati ya vituo vingi, na jukwaa linalojitangaza kuwa halichukui kitu linaweza kufikisha kidogo kuliko lile linalotoza 3% na likawa na njia fupi ya kuingiza fedha kwenye simu ya mlengwa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka ada zipigwe marufuku. Ningependa ada iwepo, iandikwe kwa shilingi na si kwa asilimia peke yake kabla mchangiaji hajabonyeza, iwe na kikomo ili mfuko mkubwa usilipe mara mia ya mfuko mdogo kwa kazi ileile, na bahashishi ianzie kwenye sifuri. Jimbo la California limeshapiga hatua kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021 na kuanza kutumika mwaka 2023, inayoyataka majukwaa ya hisani yajisajili na yaeleze wazi ada zao. Matakwa ya namna hiyo hayamzuii mtu kufanya biashara.

Mweka hazina wa hapa kwetu hana haja ya kuisubiri sheria ya namna hiyo ili aiambie kamati yake ukweli. Daftari lake likiwa na safu ya kilichotolewa na safu ya kilichofika, na kila kato likaandikwa katikati pamoja na jina la aliyelichukua, wanakamati wataona wenyewe kama wabaki kwenye jukwaa lile mwezi ujao au wampigie simu mpwa wa London wamwombe akusanye kwa mkono.